Kariokor: Mtaa Uliozaliwa na Vita

Mgeni atokaye Pwani hakosi kupita soko la Kariokor, mashariki ya Nairobi, karibu na Pumwani. Lakini ni wachache wanaojiuliza jina hilo lilitoka wapi. Kariokor, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, ni "Carrier Corps" iliyogeuzwa na ndimi zetu, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita vya 1914-1918. Hapo ndipo ilipokuwa kambi yao.

Waingereza walipigana na Wajerumani huko Tanganyika, na ndorobo aliwaua farasi na ng'ombe wao. Basi mizigo ikabebwa na vichwa vya watu. Sheria ya 1915 iliruhusu watu kutwaliwa kwa nguvu, na Machi 1917 John Ainsworth akapewa kazi ya kuwakusanya kote nchini. Kila wilaya ilitakiwa itoe idadi yake, na machifu wakaamrishwa kuwaleta vijana. Wengine walikamatwa usiku wamelala.

Kambini walipimwa na daktari. Aliyeonekana dhaifu alirudishwa kwao, naye alishukuru. Aliyefaa aliandikwa daftarini, akapewa nambari iliyochongwa kwenye kipande cha chuma cha kuvaa, na blanketi. Mshahara ulikuwa rupia 5 kwa mwezi. Mkuu wa kikosi alikuwa Oscar Watkins. Wengi walipelekwa kwa reli hadi Mombasa, wakapakiwa melini kwenda Kilwa na Lindi.

Daktari alipima kifua na miguu. Hiari hakuna aliyeipima. Wapagazi wa Kenya waliokufa walizidi 40,000, na waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa, na unga usioiva. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao, ijapokuwa Watkins aliitetea kwa miaka mingi.

Sanamu ya 1928, iliyoko Kenyatta Avenue, inamwonyesha mpagazi pamoja na askari, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja.

Leo kijana wa Eastlands apangaye foleni kuandikishwa jeshini amekwenda kwa miguu yake, na akikataliwa husikitika. Babu wa babu yake hakuulizwa. Ikiwa nyumbani kwenu yako majina ya watu waliokwenda wasirudi, yaandikeni kabla wazee hawajaondoka nayo.