Gladiator: Filamu iliyoifufua Roma na kuipotosha historia yake

Na Mwandishi Wetu

FILAMU ya Gladiator, iliyotolewa Mei 2000, ingali miongoni mwa kazi zinazotajwa kwanza kila inapozungumzwa sinema kuhusu Roma ya kale.

Ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 100 za Marekani na kuingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani kote. Mwaka 2001 ilinyakua tuzo tano za Oscar, ikiwamo ya filamu bora na ya mwigizaji bora wa kiume iliyokwenda kwa Russell Crowe. Novemba 2024 mwongozaji wake, Ridley Scott, alirejea na sehemu ya pili.

Pamoja na sifa hizo, wapo wanaoilaumu kwa kuiharibu historia. Makala haya yanaeleza yaliyo mazuri ndani yake, na ni kosa lipi hasa lenye uzito.

Kisa chenyewe kinaanza mwaka 180 Baada ya Kristo (B.K.). Jemadari Maximus anayashinda makabila ya Wajerumani, na Kaisari Marcus Aurelius, aliyekwisha kuzeeka, anamtaka ashike madaraka kwa muda ili ayarejeshe kwa Baraza la Seneti.

Commodus, mwana wa kaisari, anapopata habari hizo anamwua baba yake na kuamuru jemadari naye auawe. Maximus anaponyoka, lakini anawakuta mkewe na mwanawe wameuawa. Anauzwa utumwani Afrika Kaskazini, anafanywa gladieta, yaani mpiganaji wa kuwaburudisha watazamaji, na hatimaye anafikishwa Roma kwenye uwanja wa Colosseum.

Nguvu ya kwanza ya filamu hii ni wepesi wa kisa hicho. Mtazamaji hahitaji kujua lolote kuhusu Warumi ili aelewe uchungu wa mtu aliyepoteza familia yake, naye Crowe anauonyesha kwa maneno machache.

Ya pili ni Joaquin Phoenix katika nafasi ya Commodus. Mtawala huyo haonyeshwi kama zimwi tu, bali kama kijana anayetamani kupendwa na ambaye hukasirika anapokosa kupendwa. Kwa sababu hiyo anatisha zaidi.

Mwigizaji mkongwe Oliver Reed, aliyeigiza kama mfanyabiashara wa magladieta, alifariki dunia Mei 2, 1999 huko Malta kabla ya kumaliza kazi yake. Sehemu zilizobaki zilikamilishwa kwa kutumia mtu mwingine na picha za kompyuta. Hata Colosseum inayoonekana ilijengwa nusunusu huko Malta. Sehemu iliyosalia iliongezwa kwa kompyuta.

Lakini jambo lililo bora kuliko yote ni namna filamu inavyoeleza siasa za uwanjani. Commodus anatangaza michezo ya siku 150 ili kuwanyamazisha wananchi, huku gharama zikilipwa kwa kuuza akiba ya nafaka. Watu wanashangilia chakula chao kikiuzwa. Hapo filamu inasema kweli kuhusu Roma, na kuhusu watawala wa zama nyingi.

Makosa madogo yapo mengi. Mashine za kurushia moto zinazotumika msituni katika vita vya mwanzo zilifaa zaidi kuzingira miji. Aidha, wanahistoria wanaeleza kuwa mapambano mengi ya magladieta hayakuisha kwa kifo, kwa kuwa kumlisha na kumfunza mpiganaji kuliwagharimu wamiliki fedha nyingi.

Yupo pia Juba, mtumwa kutoka Numidia, eneo lililo katika Algeria na Tunisia za leo. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, anamwigiza kwa heshima kubwa, lakini mwandishi hakumpa kisa chake mwenyewe. Kazi yake ni kumfariji Maximus, kisha kuzika sanamu ndogo za familia yake.

Hayo yanavumilika, kwani filamu si kitabu cha shule. Kosa lenye uzito liko kwenye mwisho wake.

Katika filamu, Maximus anamwua Commodus uwanjani, naye anakufa akiwa ametoa agizo la kurejesha utawala wa Seneti. Mtazamaji anatoka akiamini kuwa mtu mmoja mwema, kwa upanga mmoja, aliirudishia Roma uhuru wake.

Historia inasema vingine. Marcus Aurelius hakukusudia kumnyima mwanawe madaraka. Alimfanya kaisari mwenza mwaka 177 B.K. Commodus hakutawala kwa muda mfupi, bali kwa miaka 12. Dada yake, Lucilla, ambaye katika filamu anabaki hai, alihusishwa na njama ya mwaka 182, akapelekwa uhamishoni na kuuawa.

Ni kweli Commodus alipenda kuingia uwanjani. Seneta Cassius Dio, aliyeyashuhudia, aliandika kuwa siku moja kaisari alikata kichwa cha mbuni, akawasogelea maseneta akiwa nacho mkono mmoja na upanga wenye damu mkono wa pili. Maseneta walitafuna majani ya mashada yao ili wasicheke, kwani kicheko kingewaua.

Commodus alinyongwa Desemba 31, 192 na mwanamieleka Narcissus katika njama ya watu wa ndani ya kasri. Seneti haikurejeshewa madaraka. Mrithi wake, Pertinax, aliuawa na walinzi wa kaisari baada ya muda usiofikia miezi mitatu, kisha walinzi hao wakaunadi utawala kwa aliyeahidi fedha nyingi zaidi, Didius Julianus.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifuata. Aliyeibuka mshindi alikuwa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliyetawala kwa nguvu ya jeshi hadi kifo chake mwaka 211.

Kwa hiyo somo la kweli ni chungu kuliko lile la filamu: kumwondoa dikteta si sawa na kujenga utawala wa haki. Pale ambapo vyombo vya utawala vimekwisha kuozeshwa, kifo cha mtawala huacha kiti wazi kwa mwenye askari wengi zaidi.

Inaelekea Scott mwenyewe alilitambua hilo. Sehemu ya pili inaikuta Roma chini ya Caracalla na Geta, wana wa Severus, na ndoto ya Maximus haijatimia.

Gladiator inastahili kutazamwa, na kutazamwa tena, kwa uigizaji wake na kwa jinsi inavyofichua hila za mtawala anayetafuta makofi. Ila mtazamaji asiuchukulie mwisho wake kuwa historia.