Takwa: Mji Ulioachwa na Maji

Wako wazee wengi wa Amu walioiona Makka na Madina, na Mombasa wameifika mara zisizo hesabu, wala hawajapata kutia mguu Takwa, ambako ni ng'ambo tu ya mlango wa maji, katika kisiwa cha Manda. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao, mpaka Alhamisi moja ya Mfunguo Tano tulipowachukua wanafunzi wetu kumi na mmoja, wa umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba, tukashika safari ya kwenda kuuona msikiti wa kale na kaburi lililo kando yake. Twaandika habari hii ili wazazi wapate hamu ya kuwapeleka watoto wao, na pia wasije wakakosea kama tulivyokosea sisi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama za watoto walikuwa wametufungia mikate ya mofa na tende, na tulichukua madumu mawili ya maji, tukiyaona ni mengi kwa safari ya asubuhi moja. Nahodha wetu alikuwa mtu mzima wa Shela. Mashua ilikwenda kwa tanga hadi mdomo wa mkono wa bahari unaoingia Manda, kisha tanga likateremshwa, baharia akashika pondo, tukapita polepole baina ya mikoko iliyosimama kama safu mbili za watu. Njia hiyo haipitiki ila maji yakiwa yamejaa.

"Leo mwezi tano," Nahodha alitwambia, "maji yatajaa saa mbili. Saa nne tuwe tumekwisha kuondoka, Maalim. Zikipita, mashua italala matopeni mpaka jioni."

Tukamwahidi. Neno hilo msomaji na alikumbuke.

Takwa ulikuwa mji tangu yapata mwaka 1500 hadi mwisho wa karne ya kumi na saba. Mwaka 1951 mtaalamu James Kirkman alikuja kuchimbua magofu yake, na mwaka 1982 serikali ya Kenya iliutangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Leo zimebaki kuta za nyumba zaidi ya mia moja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa mji uliozizunguka, na mibuyu. Milango ya nyumba hizo yote yaelekea kaskazini, nako huku kwetu ndiko kwenye kibla. Tulipowaeleza vijana jambo hilo, mmoja alisimama katika kizingiti cha nyumba moja, kisha cha pili, kisha cha tatu, akihakikisha kwa macho yake. Tukamwacha aendelee, kwani hiyo ndiyo elimu.

Msikiti wa Ijumaa u katikati. Sakafu yake ipo, kuta zipo, na mihrabu imesalia nzuri ajabu. Juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, na kando pana kisima na birika la kutawadhia. Dari halipo, mbingu ndiyo dari. Tuliingia kwa mguu wa kulia kama tuingiavyo msikiti wowote, tukasali rakaa mbili. Tena tukaketi, tukaanza kusema. Aliye mwalimu hajui kunyamaza akipata ukuta mzuri wa kuegemea! Tulisema juu ya mafundi waliochonga mihrabu, na juu ya watoto waliojifunza Alif na Bee humo zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na fimbo walizokula. Baharia alikuja mara moja akasimama mlangoni. Tukamwambia, "Kitambo kidogo tu."

Kutoka hapo tulikwenda kaburini. Kaburi hilo liko nje ya ukuta wa mji, nalo lina nguzo ndefu, na maandishi yenye tarehe iangukayo katika miaka ya 1680. Mtoto mmoja alikalia jiwe la ukingo wake afunge kiatu, tukamwinua upesi, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kukalia makaburi. Tukawafundisha kuwatolea salamu waliolala, na kuwaombea msamaha, na kukumbuka kuwa sisi pia tutawafuata.

Kwa desturi ya tangu zamani watu wa Shela, ambao wazee wao hueleza kuwa asili yao ni Takwa, huvuka mara mbili kwa mwaka kuja kuomba mvua mahali hapo. Mkubwa wa wanafunzi wetu, kijana mwenye akili kali na aliyesikia mengi, aliuliza mbele ya Nahodha bila kuficha: "Maalim, anayekuja hapa kuomba mvua amwomba nani?"

Uso wa Nahodha ulibadilika. Swali hili limegawa nyumba nyingi za Kiislamu pwani yetu, baba na mwana wasile sinia moja, nasi hatukutaka lipite kwa hasira wala kwa kunyamaziwa. Tulimkumbusha kijana habari ya mwaka 18 wa Hijra, mwaka wa ukame mkuu Madina, Sayyidna Umar alipomtoa Abbas, ami yake Mtume, akamwomba Mungu mvua kwa dua ya mzee huyo aliye hai. Tukasema kuwa mvua yaombwa kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na mwenye kumwomba maiti ampe mvua amekosea kosa kubwa, awe ni mtu wa Shela au wa Amu au ni sisi wenyewe.

Nahodha alisubiri tukamaliza. "Mwanangu," akamwambia kijana, "mimi nimekuja hapa na babu yangu, nikaja na baba yangu. Twasoma Kurani, twamwomba Mungu. Huyu aliyelala hapa naye twamwombea. Ana haja na dua zetu kuliko sisi tulivyo na haja naye." Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, ami." Nasi tuliona kuwa jibu la Nahodha lilikuwa fupi kuliko letu na bora.

Tuliporudi kwenye mashua ilikuwa saa nne na nusu, nayo imelala ubavu matopeni.

Nahodha hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo lilituumiza zaidi. Tuliwapeleka vijana upande wa pili, ambako ukivuka vilima vya mchanga waiona bahari kuu, na pwani isiyo na mtu hata mmoja, mawimbi ya kusi yakivunjika meupe. Wakacheza, wakakimbia, na jua likapanda. Huko tuliona chupa tupu za maji zilizotupwa na bahari, nyingi mno, za watu waliokunywa wakashiba mahali tusipopajua. Na katika madumu yetu lilikuwa limebaki nusu dumu kwa watu kumi na wanne.

Ikaingia adhuhuri. Tulipowaambia vijana wajitayarishe, mdogo wao alipiga viganja viwili mchangani, akavipuliza, ataka kutayamamu. Wawili wengine wakamfuata. Walikuwa wamesikia darasani kwamba mwenye maji machache anayeogopa kiu atayamamu, na neno hilo ni sahihi. Tukawauliza, "Na hayo yanayovuma mbele yenu ni nini?" Wakatazama bahari. "Hayo ni chumvi, Maalim."

Hapo tuliwapa hadithi ambayo twaisomesha kila mwaka katika mlango wa tohara, na hakuna aliyepata kuiona ina faida. Mtu mmoja alimwendea Mtume akasema kuwa wao hupanda chombo baharini na huchukua maji kidogo. Wakiyatawadhia watapata kiu. Je, watawadhe kwa maji ya bahari? Mtume alimjibu kuwa maji yake ni tohara, na maiti wake ni halali, yaani samaki. Wakakimbia wote kumi na mmoja hadi mawimbini, wakatawadha, kaptura na kanzu zikarowa. Hatudhani kuwa watausahau mlango huo. Tulisali adhuhuri msikitini, na kivuli cha ukuta wa kibla kilitosha safu moja tu, nayo tukawapa wadogo.

Baada ya sala kijana yule mkubwa aliinama juu ya kisima cha msikiti, akauliza kwa nini watu walihama mahali pazuri hivi. Nahodha alimwambia yale aliyoyarithi kwa wazee wake: visima viligeuka chumvi, watu wakavuka kwenda Shela kuyafuata maji matamu.

Mambo yenyewe huwa hivi. Mvua inyeshapo juu ya mchanga, maji huzama yakakaa chini, mepesi, juu ya maji mazito ya bahari, kama samli juu ya mchuzi. Uyateke kwa kiasi, na mvua ije, yatakaa. Uyateke kupita kiasi, au uzibe mchanga mvua isipate kuzama, chumvi hupanda. Vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo watalii hupenda kupigia picha, ndivyo ghala ya maji ya mji wa Amu. Visima vya huko ndivyo hutunywesha. Na kila mmoja wetu amesikia habari za viwanja na majumba yanayosogezewa vilima hivyo. Sisi tulikuwa tukizisikia kama habari za watu wengine, mpaka siku ile tulipogawa maji kwa kifuniko cha dumu, kifuniko kimoja kwa kila kinywa, tukiwa tumekaa katika mji wenye msikiti usio na mtu wa kuuadhinia.

Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii husema kuwa kabla ya sala ya kuomba mvua watu wafunge siku tatu, watubu, na warudishe dhulma walizodhulumiana. Ndipo siku ya nne watoke kwa nguo za unyonge, pamoja na wazee na watoto na wanyama wao. Tuliwasomesha hayo alasiri, wakiwa wamelala chini ya mbuyu. Mdogo yule wa tayamamu akauliza kama mtu aliyeyatumia maji ya jirani yake naye amedhulumu. Tukasema ndiyo. Akauliza tena: na mwenye kujenga juu ya kisima cha watu wote? Kijana mkubwa alimtazama Nahodha, Nahodha akatutazama sisi.

Maji yalirudi yapata saa kumi na mbili kasorobo. Mashua ikainuka kidogo kidogo, tukapita mikokoni kwa pondo huku jua likizama, tukasali magharibi Shela. Watoto walikunywa wakajaa hata wakashindwa kusema. Gatini Amu walikuwa wakitungoja baba watano na mama wengi zaidi ya hao, na maneno waliyotwambia si ya kuandikwa hapa. Nahodha alitudai ujira wa siku nzima badala ya asubuhi, naye alikuwa na haki. Tukamlipa.