Sura ya Sita: Mzoga Usiopasuliwa

Jioni ng'ombe alirudi kutoka malishoni na wenzake, akanywa maji, akacheua. Alfajiri amekutwa amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, miguu haijakakamaa, na damu nyeusi isiyoganda inamchuruzika puani. Mwenye ng'ombe amesimama akipiga hesabu: nyama, ngozi, karo ya shule iliyokuwa ikimtegemea mnyama huyu. Majirani wameshafika, na mmoja ananoa kisu. Hapo ndipo agizo la serikali linapotakiwa kufanya kazi: usichune, usipasue, usile, usiuze, mwite afisa mifugo.

Dalili hizo ni za kimeta. Mabango mengi ya ugonjwa huo huishia kwenye hizo "usi-usi". Sababu haitajwi, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloyapunguzia nguvu, maana sababu yenyewe mfugaji yeyote angeielewa kabla chai haijapoa.

Sababu ni hewa. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, wakiwa bado ndani ya damu ya mzoga ni dhaifu. Mzoga ukiachwa mzima, bakteria wa uozo wanaotoka matumboni huwashinda na kuwamaliza kwa siku chache, hasa kwenye joto. Lakini kisu kikipita, au fisi akirarua, damu hukutana na oksijeni, na bakteria waliokuwa ukingoni mwa kufa hujifungia ndani ya gamba gumu. Hiyo ndiyo spora. Haili, haikui, inasubiri tu. Robert Koch aliyaona mageuzi hayo mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya tu, kwa kuwakuza bakteria hao ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe.

Inasubiri kwa muda gani? Mwaka 1942 wanasayansi wa Uingereza walijaribu kimeta kama silaha kwa kondoo kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland. Kisiwa kikafungwa. Mwaka 1986 kilinyunyiziwa formaldehaidi iliyochanganywa na maji ya bahari, na kikatangazwa salama mwaka 1990. Miaka 48, kwa majaribio ya muda mfupi. Sasa fikiria bonde ambalo mizoga imekuwa ikichunwa tangu enzi za mababu, na ng'ombe wanalamba udongo huo huo kila kiangazi, nyasi zikiwa fupi.

Kwa hiyo afisa mifugo anayejua kazi yake hampasui mnyama ili kumchunguza. Anavaa glavu, anatoboa mshipa mdogo wa sikio, anachukua tone la damu na kulipaka kwenye kioo. Sikio linatosha. Mzoga unachomwa hadi uwe majivu au unafukiwa shimo la kina kirefu, pamoja na udongo ulioloa damu. Kuni za kumchoma ng'ombe mzima si mchezo, ndiyo maana wengi hufukia. Hapa kuna jambo ambalo maagizo mengi bado hayajalirekebisha: chokaa. Tumezoea kuimwaga shimoni, ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 hauiungi mkono, kwa kuwa kalsiamu huenda ikazisaidia spora kudumu.

Kwa binadamu, mara nyingi kimeta huingilia kwenye mchubuko wa ngozi, tena wa mchunaji au wa mama aliyekatakata nyama. Kinatokea kipele kinachowasha, kinakuwa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati. Kinavimba pembeni lakini hakiumi, na huko kutouma ndiko kunakowachelewesha watu kwenda zahanati. Kikiachwa, kinaweza kuua mgonjwa mmoja katika kila kumi, hata zaidi. Antibiotiki zikianza mapema, vifo vinakuwa nadra sana. Kimeta cha tumboni, cha mtu aliyekula kibudu, ni kikali zaidi, na sufuria si kinga ya kutegemea: spora huvumilia joto linalowaua bakteria wa kawaida, na kisu, ubao na mikono vilishagusa nyama kabla haijafika jikoni.

Wanyamapori nao hawasomi mabango. Mwezi Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga, Kongo, mizoga ikaelea mtoni na wahifadhi wakahangaika kuitoa majini. Walioishi kando ya mto waliambiwa wasile nyama ile na wachemshe maji.

Chanjo ipo, na ni ya zamani: Max Sterne aliitengeneza Afrika Kusini katika miaka ya 1930, na mifugo huchanjwa mara moja kwa mwaka. Ni chanjo hai, hivyo mnyama aliyedungwa penisilini siku hizo hizo hafaidiki nayo, kwani dawa huiua chanjo. Mfugaji anayejitibia mifugo kwa dawa za dukani asipoambiwa hivyo, atalipia chanjo bure.

Turudi kwa yule ng'ombe. Afisa mifugo yuko mbali, pikipiki yake haina mafuta, atafika kesho. Mwenye boma anaweza kufanya jambo moja usiku huo, nalo halihitaji fedha: akate matawi ya miiba, aufunike mzoga pande zote, afunge mbwa, na aamke kila fisi wanapolia.