Kuvu ya Bafuni Haifichwi kwa Rangi

Ndugu wafanyakazi, weusi ule unaoota kwenye ukuta wa bafu ni kuvu. Vumbi lake huingia kifuani, na wenye pumu na watoto wachanga ndio huumia kwanza.

Huko Rochdale, Uingereza, mpangaji mmoja aliripoti kuvu nyumbani mwake mwaka 2017. Akaambiwa apake rangi juu yake! Desemba 2020 mwanawe wa miaka 2 alifariki, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo ukaamua kuwa kuvu ile ndiyo iliyomharibu pumzi.

Sugua kwa sabuni, kausha, fungua dirisha. Lakini bomba linalovuja ndani ya ukuta ni kazi ya mwenye nyumba, hata akiwa ndiye mwajiri. Mwandikieni kupitia tawi, nanyi mbaki na nakala.