Ugwe wa Plastiki Wenye Nyuzi Ndani Yake

Mtu ajengaye nyumba ya udongo hasimamishi udongo mtupu. Kwanza husimika miti, akaikaza kwa fito, ndipo akakandika. Miti na fito hubeba uzito. Udongo huzishika pamoja. Fundi ajuaye kazi yake huusukuma udongo kwa kiganja mpaka upenye kati ya fito na kukutana na ule wa upande wa pili, maana udongo uliobandikwa juu juu huonekana mzuri siku ya kwanza, kisha hubanduka vipande vipande. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala kazi tutakayoieleza katika makala haya, ingawa fito zake ni nyembamba kuliko unywele.

Tunazungumzia ugwe mwembamba wa plastiki ambao ndani yake zimepita nyuzi za kaboni au za kioo, bila kukatika, tangu mwanzo wake hata mwisho. Hutumiwa katika mashine ziundazo vitu kwa kupanga plastiki iliyoyeyushwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2014 kampuni ya Markforged ya Marekani ilitangaza mashine ya namna hiyo iwezayo kupanga hata nyuzi ndefu za kaboni. Faida yake ni dhahiri: uzi wa kaboni wa kawaida hustahimili mvuto wa megapaskali 3,500 au zaidi kabla ya kukatika, hali nailoni tupu kwa kawaida haifiki 100.

Tatizo la mnato

Plastiki zitumiwazo kushika nyuzi ni za aina mbili. Aina ya kwanza, kama epoksi, huwa kimiminiko chepesi, na ikishaganda haiyeyuki tena. Aina ya pili, kama nailoni, huyeyuka kila ipatapo joto la kutosha na kuganda kila ipoapo. Ugwe wetu hutumia aina hii ya pili, kwa sababu mashine lazima iuyeyushe tena wakati wa kuunda kitu.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Asali ina mnato unaozidi ule wa maji mara 10,000 hivi. Nailoni iliyoyeyushwa huuzidi ule wa maji mara 100,000 na zaidi. Kimiminiko hicho kizito ndicho kinachotakiwa kupenya katika fungu la nyuzi 1,000, kila uzi ukiwa na kipenyo cha maikromita 7 hivi, na kuuzunguka kila uzi pasipo kuacha hewa.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeupatia mji wa Dijon maji, alitangaza kanuni ya kupita kwa maji katika mchanga. Tukiitumia kanuni hiyo kwa fungu letu, tunapata jambo lenye maana kubwa: muda wa kupenya huongezeka kwa kadiri ya mnato, hupungua kwa kadiri ya shinikizo, bali huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali. Umbali ukipunguzwa mara kumi, muda hupungua mara mia. Basi siri ya kazi hii si kuisukuma plastiki kwa nguvu, bali ni kuifupishia njia.

Njia za kutengeneza

Njia iliyoenea ni kulitandaza fungu. Fungu huvutwa kutoka kwenye gurudumu lake, likapashwa moto, kisha likapitishwa juu na chini ya vyuma vya mviringo vilivyozama katika plastiki iliyoyeyuka. Kila lipindapo juu ya chuma hutandazika kama utepe, na plastiki iliyonaswa kati ya utepe na chuma hubanwa ikaingia ndani. Fungu la nyuzi 1,000 lililokusanyika lina kipenyo cha milimita 0.3 hivi, kwa hiyo plastiki husafiri milimita 0.15 hadi katikati. Likitandazwa hadi unene wa milimita 0.03, na plastiki ikaingia kwa pande zote mbili, safari hubaki milimita 0.015. Baadaye utepe hupita katika tundu la chuma lenye joto, ambalo huukusanya tena na kukamua plastiki iliyozidi. Ndipo ugwe hupozwa na kuzungushiwa gurudumu. Lakini mvuto ukizidi, nyuzi chache hukatika, vipande vyake hujikusanya mlangoni mwa tundu, na hatimaye kazi yote hukwama.

Wengine hupenyeza unga wa plastiki kati ya nyuzi kavu. Wengine huchanganya nyuzi za kioo na nyuzi za plastiki tangu mwanzo, kisha hupasha moto. Wengine huingiza kaprolaktamu, kimiminiko chepesi kinachogeuka nailoni kikiwa ndani ya fungu. Njia ni mbalimbali. Shabaha ni ileile.

Macho hudanganya

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, niliwahi kuvuta ugwe uliong'aa na kunyooka, nikajisifu. Kwenye mashine ya kupima ulikatika mapema mno. Tulipoukata na kuutazama kwa hadubini, tuliona plastiki pembeni na nyuzi kavu katikati. Nyuzi hizo hazikuwa na kitu cha kuzigawia mzigo. Zilikuwa fito zisizokandikwa.

Msomaji atauliza: je, katani yetu, iliyofikishwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, haiwezi kutumika? Inaweza, lakini kwa masharti. Katani huanza kuharibika karibu na nyuzijoto 200 za Selsiasi. Kwa hiyo haipatani na nailoni iyeyukayo kwenye 220, bali hupatana na polipropilini, iyeyukayo karibu na 165. Lazima ikaushwe barabara, la sivyo mvuke wake utaacha mapengo. Tena singa zake zina urefu wa mita moja hivi tu, hivyo hazina budi kusokotwa ziwe uzi mrefu. Na kadiri zisokotwavyo kwa nguvu, ndivyo njia ya plastiki izibwavyo. Atakayetaka kuitumia katani kwa kazi hii na aanze hapo: atafute msokoto unaotosha kuushika uzi bila kuufunga. Kisha aukate ugwe wake na kuutazama ndani kabla ya kuusifu.