Nimonia Haipandi Pikipiki

Upepo unaompiga mwendesha pikipiki kifuani alfajiri hauleti nimonia. Hauleti kwenye barabara ya Homa Bay kwenda Rongo, hauleti kwenye miinuko ya kuelekea Kisii, na hauleti hata kama mwendeshaji ana miaka sitini na mitano na mwezi ni Julai. Jambo hili lilipaswa kuwa limekwisha zamani. Hata hivyo, karibu kila mwalimu, chifu au karani anayestaafu kule Migori na Homa Bay, akatoa sehemu ya kiinua mgongo na kununua pikipiki, huuliza kwanza avae nini kifuani ili asishikwe na nimonia. Swali hilo halina jibu kwa kuwa limejengwa juu ya hewa. Kila linapoulizwa, linasukuma kando swali linalostahili kuulizwa, nalo linahusu vidole.

Nimonia ni maambukizi. Vijidudu, mara nyingi bakteria aina ya Streptococcus pneumoniae au virusi vya mafua makali, huingia mapafuni kupitia njia ya hewa na kujaza usaha na majimaji kwenye vifuko ambako damu huchukua oksijeni. Mara nyingi bakteria hao tayari wanaishi puani na kooni bila kumsumbua mwenyewe, na hushuka mapafuni kinga inapolegea. Hakuna njia inayotoka kwenye zipu ya koti hadi kwenye mapafu. Kati ya upepo na pafu kuna nguo, ngozi, mafuta, misuli na mbavu, na upepo haupiti humo hata pikipiki ikikimbia kilomita 80 kwa saa. Hewa inayoingia kwa pua nayo hupashwa joto na kutiwa unyevu njiani, hivi kwamba ikifika kwenye vifuko vya mapafu ina joto la mwili, nyuzi 37, iwe nje ni Mbita au ni kilele cha Mlima Kenya.

Watafiti hawakuliacha suala hili kwenye nadharia. Katika kituo cha utafiti wa mafua kilichofunguliwa karibu na Salisbury, Uingereza, mwaka 1946, watu waliojitolea walioga, wakasimamishwa wakiwa wamelowa kwenye korido yenye upepo, kisha wakavalishwa soksi mbichi. Hawakuugua zaidi ya wenzao waliokaa wakiwa wakavu. Mwaka 1968 R. Gordon Douglas na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliwekewa virusi vya mafua puani kisha wakatiwa kwenye baridi. Baridi haikuongeza kitu. Jaribio pekee linaloweza kumpa nguvu mtetezi wa upepo ni la Cardiff, 2005: watu 90 waliloweka miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, wengine 90 hawakuloweka, na ndani ya siku nne au tano 13 wa kundi la kwanza walisema wana mafua, dhidi ya 5 wa kundi la pili. Hakuna aliyepimwa virusi. Maelezo yaliyotolewa na watafiti wenyewe ni kwamba huenda baridi iliamsha dalili kwa watu ambao tayari walikuwa wamebeba virusi. Hata tukikubali yote hayo, yaliyopimwa ni mafua ya pua, si nimonia, na yalitokana na miguu. Hakuna aliyewahi kutengeneza kinga-kifua ya kuvaa miguuni.

Mbona basi imani hii haifi? Kwa sababu mwendeshaji kweli huhisi kitu. Hewa baridi huchochea pua kutoa kamasi, na hilo ni kazi ya kawaida ya pua, si ugonjwa. Mwenye pumu hubanwa na kukohoa kwa sababu mirija yake husinyaa hewa baridi na kavu inapopita kwa kasi. Vumbi la barabara za changarawe, moshi wa lori lililo mbele na sigara ya kituoni hukwaruza koo. Na misuli ya kifua, iliyokazwa kwa saa nzima ikishikilia usukani huku mwili ukitetemeka, huuma jioni kama ya mtu aliyelima. Mzee hugusa kifua, kinauma, hukohoa kidogo, jirani humwambia ni nimonia ya pikipiki. Siku tatu baadaye maumivu yamekwisha, na chochote alichokunywa katikati hupewa sifa ya kuwa dawa.

Ingekuwa hasara ni ya kununua koti tu, mtaalamu angenyamaza. Hasara kubwa iko kwingine. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti za Kenya zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na palipo na virusi hivyo kifua kikuu hakiko mbali. Umri wa kustaafu hauchuji yeyote katika hayo. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili, anayelowa jasho usiku na kupungua uzito, halafu akatosheka na maelezo kwamba ni upepo wa pikipiki, anaambukiza wajukuu nyumbani huku akitafuta koti zito zaidi. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Hakuna sababu ya kitabibu ya kuchelewa. Kuna sababu moja tu ya kijamii, nayo ni kwamba upepo ni mshtakiwa mzuri: haumwaibishi mtu.

Nimonia halisi nayo ina sura yake, na haingoji mjadala: homa, kupumua haraka, maumivu makali ya kuchoma mtu anapovuta pumzi, makohozi yenye rangi ya kutu. Kwa mtu wa miaka 70 huenda homa isiwepo kabisa, na ishara ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa au kukataa chakula. Wanaoupata ugonjwa huu kwa wepesi ni wazee, wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye virusi vya Ukimwi wasiotumia dawa, wanaopika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, na walevi. Pikipiki haimo kwenye orodha.

Walevi wamo, na hapo tiba maarufu kuliko zote inajigeuza kuwa mzaha. Kikombe cha chang'aa kabla ya safari ya alfajiri husifiwa kwamba kinapasha mwili. Kinachopasha ni ngozi. Pombe hulegeza mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya moto hukimbilia nje, mtu husikia joto usoni na mikononi, na joto hilo hilo huchukuliwa na upepo. Pombe pia hupunguza kutetemeka, ambako ndiyo njia ya mwili ya kuzalisha joto la dharura. Mnywaji hujisikia vizuri huku akipoa haraka zaidi. Unywaji wa kila siku hudhoofisha kinga na hulegeza hata kule kukohoa kunakolinda mapafu, kwa hiyo anayekunywa ili kujikinga na nimonia anaongeza uwezekano wa kuipata. Kuhusu mkono wenye pombe kwenye klachi, hakuna haja ya kueleza.

Koti linalovaliwa nyuma mbele, zipu ikiwa mgongoni, ni jambo jingine. Linazuia upepo na linasaidia ngozi isichunike mtu akianguka. Kama ni kwa hayo, livaliwe. Gazeti lililokunjwa chini ya shati nalo huzuia upepo, na waendesha baiskeli za mashindano wa Ulaya wamelitumia kwa miongo mingi wakiteremka milima. Tangawizi ni kinywaji kizuri. Vidonge vya amoxicillin vinavyonunuliwa dukani “kuosha kifua” havioshi chochote, na hufundisha bakteria wa mwilini kuizoea dawa siku itakapohitajika kwa dhati. Na kulivaa koti la ngozi bandia saa saba mchana pale Sori au Mbita, jua likiwa nyuzi 30, kwa kuogopa nimonia, ni kujipika kwa joto bila sababu yoyote.

Sasa baridi yenyewe. Haifiki kiwango kinachotajwa vijiweni. Homa Bay iko kando ya Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi, na alfajiri ya kawaida huwa karibu nyuzi 17. Anayepanda kuelekea Kisii, mita 1,700, hupoteza nyuzi tatu au nne njiani. Jedwali la upepo na baridi lililozaliwa na majaribio ya Paul Siple na Charles Passel huko Antaktika, na fomula iliyolirithi inayotumiwa Kanada na Marekani tangu 2001, havikusudiwi kusomwa pale hewa inapozidi nyuzi 10. Kwa hiyo madai kwamba nyuzi 17 za Rodi Kopany huwa nyuzi 5 juu ya pikipiki hayana mahali pa kusimama.

Kinachobadilisha hesabu ni maji. Gramu moja ya maji ikikauka huchukua karibu jouli 2,400 za joto. Koti na suruali vilivyonyonya nusu lita ya mvua, vikikaushwa na upepo wa mwendo, vinadai jouli milioni 1.2; kama zote zingetoka mwilini bila kufidiwa, mtu wa kilo 70 angepoa kwa karibu nyuzi 5. Mwili hufidia, na hewa huchangia sehemu yake, lakini mlipaji wa kwanza ni mikono, kwa kuwa mwili unaotaka kuokoa moyo na ubongo huanza kwa kupunguza damu ya vidole. Ngozi ya kidole ikikaribia nyuzi 15, ustadi wa mkono hupungua waziwazi: kubana breki, kuachia klachi taratibu, kubofya swichi ya taa ya ishara. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nusu sekunde ya kuchelewa breki ni mita 8. Ng'ombe akikatiza barabara karibu na Awendo, mita 8 ndizo zote zinazohitajika. Baridi ya pikipiki huua kwa njia hii, na wanaokufa huandikwa kama ajali, si kama wagonjwa.

Umri unazidisha. Tangu 2009 mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60 badala ya 55, kwa hiyo anayejifunza pikipiki kama starehe ya ustaafu anaanza na mwili uliochelewa miaka mitano kuliko wa waliomtangulia. Mishipa ya ngozi haifungi haraka kama zamani, misuli ya kutetemeka imepungua, na hisia ya baridi yenyewe hufifia, hivi kwamba mzee huwa amepoa kabla hajajua. Atenolol na propranolol, wanazopewa baadhi ya wenye shinikizo la damu, hufanya vidole viwe baridi zaidi. Kisukari cha muda mrefu hutia miguu ganzi, na mguu ndio unaokanyaga breki ya nyuma. Piriton, inayomezwa kwa kila pua inayochuruzika, huleta usingizi. Ikimezwa saa kumi na mbili asubuhi, pikipiki ikae nyumbani hadi kesho.

Yaliyobaki ni mafupi. Mikono kwanza: glavu zisizopitisha maji, au vifuniko vya mikono vinavyofungwa kwenye usukani, ambavyo mafundi wa viti hushona kwa bei ndogo. Koti la mvua na suruali yake, livaliwe kabla ya tone la kwanza. Lililowekwa chini ya kiti halimkingi mtu. Nguo mbili nyepesi zinashinda moja nzito, na kitambaa shingoni ni rahisi kuliko kinga-kifua. Fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Helmeti yenye kioo na koti la kuakisi; helmeti na koti hilo sheria ya trafiki inavidai kwa dereva na abiria pia. Mwavuli mkubwa wa kufungwa kwenye pikipiki uachwe kwa wanaosubiri wateja. Barabarani upepo wa ubavuni huuvuta pamoja na chombo. Vidole vikianza kufa ganzi, simama, viweke kwapani dakika tano; usivipashe kwenye ekzosi. Macho yapimwe mtoto wa jicho kabla ya kuendesha alfajiri, wakati jua limelala usawa wa barabara. Chanjo ya nimokokasi Kenya iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2011. Mtu mzima anayeihitaji amwulize daktari, na kwa kawaida atailipia.

Lakini kifaa bora dhidi ya baridi mstaafu anacho tayari, na kijana wa boda boda anayepeleka omena sokoni hana: saa. Hakuna kengele inayomngoja. Kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana barabara imekauka, jua limepanda, na dhoruba za alasiri za bonde la ziwa kwa kawaida hazijaanza. Muda huo unatosha kutoka Migori hadi Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini-magharibi, kuzunguka kuta za mawe zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, na kurudi. Unatosha kutoka Homa Bay hadi ziwa dogo la Simbi karibu na Kendu Bay, au kupita Mbita hadi kaburi la Tom Mboya katika kisiwa cha Rusinga. Mvua ikianza kabla ya kurudi, kuna kibanda cha chai, na pikipiki inaweza kungoja hadi barabara ikauke.