Protini ya muhogo inafanya kazi na nani?

Siku nilitetea kazi yangu ya lisansi katika agronomia, mmoja wa jury aliniuliza: "Umetupa majina ya protini za muhogo. Sasa kila moja inafanya kazi na nani?" Nilinyamaza. Nilikuwa na liste tu.

Ndani ya seli protini nyingi hazifanyi kazi peke yake. Moja inashikana na ingine, inaiamsha ama inaizima. Ukichora kila protini kama nukta na kila mshikano kama mstari, unapata mtandao. Kwa Arabidopsis, kammea kadogo ambako watafiti wanakapenda sana, ramani kubwa ilitoka mwaka 2011: mishikano karibu 6,200 kati ya protini karibu 2,700. Muhogo wetu, wenye kutupa bugali na sombe, umechunguzwa kidogo zaidi. Uko na jeni zaidi ya 30,000. Kujaribu protini mbili mbili ni kujaribu jozi zaidi ya milioni 400. Nani ataweza?

Ndiyo maana tunaazima. Kama protini mbili zinashikana kwa Arabidopsis, na muhogo uko na ndugu zao wa ukoo mmoja, tunakisia kwamba hata huku zinashikana.

Utasema: viumbe tofauti wanaweza kufanana hivyo? Angalia chachu inayoitwa Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, ni neno letu pombe: ilitambuliwa mwaka 1893 katika pombe ya Afrika Mashariki. Mwaka 1987, Melanie Lee na Paul Nurse walionyesha kwamba jeni ya mtu inaweza kushika nafasi ya jeni cdc2 iliyoharibika ya chachu hiyo, na seli zikaendelea kugawanyika. Protini ya mtu ilielewana na majirani wa chachu!

Lakini tuangalie: ndugu kufanana sura si kufanana tabia. Wakati mwingine jeni inajirudia, kopi moja inabaki na kazi ya zamani, ingine inapata kazi mpya. Kwa hiyo kisio si jibu. Kinakuonyesha tu jozi za kuanza nazo ukipata labo.

Data za STRING ziko bure kwa intaneti, na viumbe zaidi ya 10,000. Mwenye kuandika memware mwaka huu, usilete liste kama mimi. Leta mtandao, na useme mistari gani umeazima.